Nyani na Keki ya Ghorofa Tatu

Jumamosi nyumbani kwetu huamka na harufu ya keki. Mama ni mwokaji, na mtaa mzima unamjua kwa mkono wake mwepesi. Siku hiyo alikuwa ameoka keki ya harusi ya ghorofa tatu, nyeupe pe. Tuliipakia kwenye gari la mjomba tuipeleke ukumbini, kila ghorofa ndani ya boksi lake, nami nikakaa kando yake kama mlinzi wa benki.

"Kioo kisishuke," mama alinionya. "Njia ya msituni ina nyani, na nyani hawabishi hodi."

Katikati ya msitu gari likachemsha. Mama na mjomba wakashuka, wakafungua boneti. Nyani mmoja mkubwa akaja kuketi kando ya barabara, akanikodolea macho. Nikaona nimtupie biskuti moja tu. Nikashusha kioo.

Biskuti hata hakuitazama. Kufumba na kufumbua, mkono wenye manyoya ulipita mbele ya pua yangu, ukanyakua boksi dogo, na mwenyewe akapanda nalo mtini. Huko juu alikula ghorofa ya tatu yote bila haraka, pamoja na maua ya sukari, huku akijilamba vidole. Ningecheka, lakini machozi yalikuwa yananilengalenga.

Mama alimgeukia mjomba. "Kaka, si nilikwambia ufunge vioo kabla ya kushuka?"

Mjomba akajikuna kichwa. "Labda nilisahau, dada. Nisamehe."

Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mjomba, aliyeacha shughuli zake ili atupeleke, alikuwa ameinama kwa aibu isiyo yake.

"Mjomba hana kosa," nikasema. "Ni mimi niliyeshusha kioo. Nilitaka kumpa nyani biskuti."

Mama alinigeukia. "Basi utamweleza bibi harusi wewe mwenyewe."

Gari lilipopoa tukaendelea na safari. Ukumbini nilieleza yote, hata habari ya biskuti, kisha nikaomba radhi. Bibi harusi alinikazia macho, halafu akaangua kicheko hadi shela ikamwenda upande.

"Kumbe mgeni wangu wa kwanza kala na kuondoka! Haya mama, zipange hizo mbili. Zinatosha."

Mama alipomaliza kuipamba upya ghorofa ya pili, ambayo sasa ndiyo ya juu, mjomba akaninong'oneza, "Mimi mwenyewe nilikwishaamini kwamba nimesahau kioo!"

Mama alimsikia. Akanishika bega mbele ya wapishi na wageni.

"Keki naweza kuoka nyingine hata kesho," alisema. "Lakini ungemwacha mjomba wako abebe kosa lako, imani yangu kwako ningeitoa wapi tena? Ukikosea, sema, kisha utengeneze. Leo umefanya yote mawili."

Kisha akawageukia watu, kidevu juu. "Huyu," akasema, "ni binti yangu."