Sponji Iliyotakata

Katika shule ya Josephina, pembeni kidogo ya mji wa Mpanda, siku haikuanza na hesabu. Ilianza na vumbi. Kabla ya kengele ya mstari wanafunzi walinyunyiza maji uwanjani, wakafagia, wakaokota hata karatasi zisizo zao, huku viranja wakipita na sura za mahakimu. Kila Ijumaa darasa lililoongoza kwa usafi lilipewa bendera ya bluu. Liliitundika mlangoni wiki nzima na kuwaringia wengine bila huruma.

Kazi ya Josephina ilikuwa ya peke yake. Alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa ulimi na mwepesi zaidi wa hasira, na ndiye aliyetunza samaki. Mwalimu Kassiani, mwalimu wa sayansi, alikuwa ametengeneza tangi la kioo na kuleta samaki wadogo kutoka kwao Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika. Tangi lilikaa nyuma ya darasa la sita, na juu yake kulikuwa na ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini. Hicho ndicho kilikuwa kichujio. Pampu ndogo ilipandisha maji machafu ndooni, yakapita kwenye sponji na vigae vya mtungi uliovunjika, kisha yakarudi tangini yakiwa safi.

Sponji ikiziba, Josephina aliteka maji ya tangi lenyewe kwenye beseni, akaikamua humo mara chache, akairudisha. Ilibaki na rangi ya kahawia, kama nguo ya mtu aliyetoka shambani.

"Marufuku sabuni, na marufuku maji ya bomba," Mwalimu Kassiani alikuwa amesema siku ya kwanza. "Sponji ikichakaa tutabadilisha nusu tu. Nusu ya zamani itabaki."

Hakusema kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi ule samaki mmoja wa kike alikuwa amebeba mayai mdomoni. Ndivyo aina ile inavyolea: mama huyahifadhi mayai kinywani, hali chochote, mpaka watoto waweze kuogelea wenyewe. Darasa lilimwita Bibi Mdomo. Josephina alimchungulia kila asubuhi, mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyeficha maandazi, na kila asubuhi alimwambia, "Vumilia, mama. Bado kidogo."

Ijumaa alikuja Manyanda, kiranja wa usafi. Alikuwa wa darasa la saba, mtoto wa wafugaji waliohamia Katavi na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi ambao ungeweza kukata mkate. Akafunua ndoo.

"Hii nini?"

"Kichujio."

"Nauliza hili tope."

"Si tope. Ndivyo sponji inavyokuwa."

"Nyie darasa la sita mnafuga samaki au mnafuga matope?" Akachovya kidole, akakinusa, akakunja uso. "Alama tano hamna."

Bendera ikaenda darasa la tano. Darasa la tano! Watoto ambao bado wanalilia kalamu zikipotea! Waliipitisha mbele ya dirisha la darasa la sita wakiimba, na waliokuwa ndani wakamgeukia Josephina.

"Hongera, Mama Samaki," alisema Dorice, aliyekaa naye dawati moja. "Kasponji kadogo vile kamekushinda? Kwenu vyombo anaosha nani?"

"Mwalimu amekataza sabuni!"

"Mwalimu amekataza uchafu, hajakataza sabuni. Nani amewahi kusikia uchafu unasafisha?"

Darasa zima likacheka. Josephina alihisi masikio yake yanawaka.

Wenzake walipoondoka, alibeba sponji na vigae vya juu kwenye beseni hadi bombani. Akamwaga sabuni ya unga bila kupima. Aliisugua sponji ile kama anasugua uso wa Manyanda, akaigeuza, akasugua na uso wa Dorice. Vigae vya juu navyo alivisugua. Vya chini vilimchosha, akaviacha ndooni. Akasuuza mpaka povu likaisha, akaanika juani. Sponji ilitakata ikawa ya njano kama siku iliponunuliwa.

"Haya," alisema akiirudisha. "Njooni mle humo."

Akawamwagia samaki chakula kingi cha kuwatosha hadi Jumatatu, akaenda nyumbani.

Jumatatu samaki wawili walikuwa wanaelea matumbo juu. Wengine walipanda usawa wa maji wakihema, midomo ikifunguka na kufumba. Bibi Mdomo alikuwa kwenye kona, ameinama upande, mashavu yake yakiwa mekundu. Bado hakuufungua mdomo wake.

Josephina alitoka darasani kama risasi. Mstari ulikuwa umeshapangwa.

"Manyanda! Muuaji wewe! Ulitia kidole chako humo, umewaua!"

"Mimi?" Manyanda aliruka nje ya mstari. "Kidole kimoja? Kwani nina sumu kama nyoka?"

"Una roho ya nyoka!"

"Rudia!"

Mwalimu Kassiani alifika kabla ya ngumi. Aliwaongoza hadi darasani, akainama mbele ya tangi na kuhesabu waliokufa.

"Nani amegusa hapa?"

Josephina alifungua mdomo. Dorice akamwahi.

"Mwalimu, Jumamosi umeme ulikatika."

Kila mtu aliitikia. Huko Mpanda hakuna anayedai ushahidi umeme ukisingiziwa. Josephina akaufumba mdomo wake. Umeme hauna mama wa kulalamika, aliwaza. Acha ubebe.

Mwalimu aliguna. "Pampu ikisimama siku nzima maji yanaoza. Au wameingiliwa na ugonjwa. Basi tutaanza upya. Manyanda, washa moto, chemsha maji. Tutaosha sponji, vigae vyote, tangi lote. Hawa tutawahamishia kwenye ndoo."

"Na Bibi Mdomo?" Dorice aliuliza.

"Naye. Akishtuka atawatema watoto kabla hawajakomaa, watakufa. Lakini hakuna jinsi."

Alishusha wavu polepole. Bibi Mdomo alijisukuma nyuma mpaka mkia ukagusa kioo. Wavu ulikuwa umebakiza kiganja kimoja.

"Usimtoe!" Sauti ya Josephina ilipasuka. "Si umeme, mwalimu. Ni mimi. Niliosha sponji kwa sabuni ya unga. Nikaianika juani."

Wavu ulisimama majini. Mwalimu aliuinua, akauweka mezani, maji yakachuruzika mpaka kwenye viatu vyake.

"Unasimama hapo," alisema, na kila neno alilitoa kama anang'oa msumari, "unamwita mwenzako muuaji mbele ya shule nzima. Unaniangalia naagiza maji ya moto. Unanyamaza!"

"Walinicheka, mwalimu. Walisema mimi mchafu!"

"Na samaki walikucheka?"

Machozi yalimtoka Josephina, ya hasira nusu, ya aibu nusu.

"Vigae vya chini uliviosha?"

"Hapana. Nilichoka."

"Basi uvivu wako umeokoa kitu. Usijisifu!" Mwalimu alikuwa ameshakunja mikono ya shati. "Manyanda, zima moto. Vile vigae asiviguse mtu. Leteni maji ya pipa, yale yaliyolala tangu Ijumaa. Siyo ya bomba, bomba lina dawa. Tunatoa nusu ya maji haya mabaya, tunaongeza mazuri taratibu. Leo hakuna kuwalisha."

Walibeba ndoo. Manyanda alibeba kubwa kuliko wote, uso umekunjamana, na kila alipopishana na Josephina alitazama pembeni. Mwisho ikamshinda kunyamaza.

"Mwalimu, mimi sielewi. Uchafu unasafishaje maji?"

"Kwenu mama anagandishaje maziwa?"

"Anaacha mtindi kidogo wa jana kwenye kibuyu, anamimina mapya juu yake."

"Ukikisugua kibuyu kile kwa sabuni ya unga?"

"Mama atanisugua mimi."

Hata Josephina aliguna kicheko kwenye machozi.

"Basi ndivyo," alisema mwalimu. "Lile mnaloliita tope limejaa viumbe hai wadogo, hawaonekani kwa macho. Mkojo na kinyesi cha samaki vinatoa sumu, na wao ndio wanaoimaliza. Sabuni na jua vimewaua, sumu ikabaki. Waliopona wako kwenye vigae vya chini. Hao ndio mtindi wetu wa jana. Maji yale ya moto yangewamaliza." Akajifuta jasho. "Nami nina kosa. Nilitoa amri, sikutoa sababu. Lakini nyie mna midomo. Mngeuliza."

Siku iliyofuata Josephina alisimama mbele ya mstari na kumwomba Manyanda radhi, kwa sauti ileile aliyomtukania. Manyanda alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na alikaa hivyo siku kadhaa, kama ng'ombe aliyepigwa bila kosa. Ila kila asubuhi alikuja kubeba maji. Samaki mwingine mmoja alikufa. Waliobaki wakashuka chini kidogo kidogo, wakaacha kuhema.

Asubuhi moja Dorice alipiga kelele hadi darasa la tano wakaja mbio. Bibi Mdomo, amekonda mpaka mgongo unaonekana, alifungua mdomo, na watoto wadogo kama punje za mtama wakatoka mmoja mmoja. Dorice akaweka mkono wake begani kwa Josephina. Manyanda aliwatazama samaki, akamtazama Josephina.

"Tope libaki," alisema. "Lakini dirisha lenu lina utando wa buibui. Alama moja hamna."

"We Manyanda!" Darasa zima lilimrukia.

Mwalimu Kassiani aliwaacha wagombane kidogo, kisha akamwita Josephina karibu na kioo.

"Sikukasirikia hasira yako," alisema. "Ulichekwa, ukaumia, hata mimi ningewaka. Sabuni nayo ilikuwa kosa, na kosa lina dawa. Lakini nilikuwa nimeshika wavu, naenda kutibu ugonjwa usiokuwepo, na wewe uliujua uliokuwepo. Mtu anayemficha mganga ukweli hamdanganyi mganga. Anamuua mgonjwa. Siku nyingine ukikosea, sema wakati bado kuna wa kuokolewa."

Josephina aliwatazama watoto wa samaki wakikimbilia mdomoni kwa mama yao na kutoka tena.

"Nimekuelewa, mwalimu," alisema. Safari hii hakulalamikia mtu.