Sanduku Lisilo na Tumbo

Jua lilikuwa linazama Fundi alipotoka kununua bawaba mbili na kopo la gundi ya mbao. Safari ya kawaida tu. Muuza vifaa vya ujenzi alikuwa amemzoea. Alijua mama huyu hanunui vitu vya kujengea nyumba, ananunua vya kutengenezea uongo. Maana mumewe, Profesa, alikuwa mtu wa mazingaombwe, na kila kilichowaacha watu midomo wazi ukumbini kilitoka mikononi mwa mkewe, katika karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Meza yenye droo isiyoonekana, kofia yenye vitako viwili, kisu kinachomezwa na mpini wake mwenyewe. Makofi yalikuwa ya Profesa. Vibanzi vya vidoleni vilikuwa vya Fundi.

Hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni Kipepeo.

Zamani aliyeingia sandukuni na kutoweka alikuwa Fundi mwenyewe. Mwili ukaongezeka, kama miili inavyoongezeka, na mwaka huu Profesa akaleta msichana mwembamba kama ufito, akampa jina la Kipepeo, akamwambia mkewe sasa apumzike. Apumzike! Tangu hapo mazoezi yakawa marefu. Profesa akaanza kujipulizia manukato siku za mazoezi, na ukimuuliza anasema jukwaa linataka usafi. Fundi hakuwa mtoto mdogo. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, haumezeki wala hautemeki.

Basi alipoagizwa sanduku jipya la kutowekea, akaambiwa ampime Kipepeo, alimpima kweli. Mabega, nyonga, kifua. Akaandika kila kipimo. Kisha akajenga alivyotaka yeye.

Sanduku la kutowekea lina siri moja tu. Kwa nyuma kuna ukuta wa uongo uliovikwa mahameli nyeusi, na nyuma ya ukuta huo kuna nafasi ya mtu kujibana. Wenyewe huiita tumbo. Mtu anaingia, anasukuma ukuta, anajibana tumboni; mlango ukifunguliwa, watazamaji wanaona utupu. Kipepeo alihitaji tumbo la shubiri nzima. Fundi akampa vidole vinne. Hata paka asingepenya. Alitaka binti akwame mbele ya ukumbi mzima, nusu ndani nusu nje, watu wacheke mpaka watokwe na machozi. Ni hilo tu alilolitaka, na ili wasipate muda wa kulijaribu, alilichelewesha makusudi mpaka saa ya onyesho lenyewe. Rangi ilikuwa bado inanukia.

Alisimama kando ya pazia. Kipepeo akaingia, akapunga mkono. Mlango ukafungwa. Profesa akaanza kuhesabu na watazamaji wake.

Moja... mbili... tatu...

Fundi alitega sikio asikie viwiko vikigonga mbao, ukuta ukigoma kufunga.

Hakusikia kitu.

Saba... nane...

Ikaja harufu. Haikuwa ya rangi wala ya gundi. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, pamoja na baridi yake.

Mlango ukafunguliwa.

Hamna mtu.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Fundi akalikodolea macho sanduku. Sakafu aliipigilia yeye. Dari aliipigilia yeye. Aliyemo hakuwa na pa kwenda... sasa kaenda wapi? Mlango ukafungwa, ukafunguliwa tena, na Kipepeo akatoka akitabasamu. Hakuwa na tone la jasho, yeye ambaye kila siku alitoka amelowa chapachapa. Akampita Profesa bila kumtazama, akaja moja kwa moja hadi penye pazia, akapinda goti.

"Shikamoo, dada."

Hakuwahi kumwamkia hata siku moja. Mkono alioutoa ulikuwa mkavu na laini, kama ubao uliokwisha kupigwa msasa.

Siku zilizofuata, Kipepeo alifanya kazi bila kosa. Hakucheka ovyo, hakuchelewa mazoezini, wala hakuwa na habari na Profesa. Fundi alipaswa kufurahi. Profesa ndiye aliyenyong'onyea. Chakula hali, ndevu hanyoi. Jioni ya tatu alimfuata mkewe karakanani, akasimama mbele ya sanduku.

"Yule siye," akanong'ona.

"Siye nani?"

"Kipepeo. Yule si yeye, mke wangu. Namjua."

"Unamjuaje?"

Profesa akatazama chini.

Halafu akasema anataka kuingia mwenyewe, aone binti wa watu alipitia wapi. Hapo ndipo Fundi angeweza kumzuia. Alikuwa amewaza siku tatu mfululizo, na kosa lake alikwisha kulielewa. Kiinimacho ni uongo wenye adabu: anayetoweka huandaliwa kwanza pa kujificha. Yeye alijenga sanduku la kutowekea, akamnyima anayetoweka mahali. Sanduku halikuacha kazi yake kwa ajili hiyo. Lilimtafutia pengine. Neno moja tu, usiingie, lilifika mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini masikioni kulikuwa bado kunalia lile jingine: namjua.

"Ingia," akasema. "Mlango nitakufungia mimi."

Hakuhesabu. Ile harufu ilipokuja, alifumba macho.

Aliyetoka alikuwa mume mwema. Anarudi nyumbani mapema. Anamwita mkewe jukwaani, anawatangazia watu kwamba yote haya ni kazi ya mikono yake. Majirani wanamwonea Fundi gere. Ila akilala hageuki, na mto chini ya kichwa chake haubonyei. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Fundi alichimba, wakaingia wengine, na yeye akabaki ukingoni akiogopa kulala.

Wiki ya pili, jioni, akasikia kugonga.

Tok... tok tok...

Kulitoka karakanani. Alivumilia siku moja, mbili, ya tatu akachoka. Wivu ni wivu, lakini mume ni mume. Alilia sana, akaapa atambomolea na kumsamehe yote. Akachukua nyundo kubwa. Akafungua sanduku, akasukuma ukuta wa uongo, akamulika. Vidole vinne vya giza, hamna kitu. Akaegemeza sikio kwenye mbao.

Kwanza pumzi. Halafu kwikwi za msichana, mbali sana. Halafu sauti aliyolala nayo miaka kumi na saba, ikibembeleza kama ambavyo haikuwahi kumbembeleza yeye.

"Usilie. Sogea kwangu... Hapa panatutosha."

Fundi akaondoa sikio kwenye mbao. Kutoka nyumbani yule mume mwema alikuwa akimwita kwa upole, chakula kinapoa. Akaitika kwamba anakuja. Kisha akaiweka chini nyundo kubwa, akavuta droo, akatoa nyundo ndogo na kiganja kizima cha misumari ya inchi tatu.