Kigingi Nilichokichoma

Kila asubuhi nilichota maji kijitoni, nikalisha kuku, kisha nikaitazama nyumba ya wifi yangu. Kila nilipoitazama, roho iliniuma.

Wifi yangu ni Apolena, dada wa mume wangu Matej. Tulitoka Bohemia, tukavuka bahari kwa meli moja, tukafika Nebraska kwa treni moja. Lakini yeye alikuwa na dirisha la kioo, na cheti cha shamba chenye mhuri. Mimi dirisha langu lilikuwa karatasi iliyopakwa mafuta. Nilimzidi kitu kimoja tu, kijito. Nilimharakisha Matej tujenge pale kabla Apolena hajapaona. Tukakata udongo wenye nyasi, tukapanga kuta, tukalima.

"Wifi, mmesoma kigingi?" Apolena aliniuliza siku tuliyohamia.

"Kigingi gani?"

"Cha wapimaji. Kina namba za vipande vya ardhi."

"Namba zako hazinihusu! Sema tu unakitaka kijito changu."

Akajifunga kilemba, akaenda zake. Nikajiona nimeshinda.

Jumapili moja alikuja kula kwetu. Nilitaka aione mikate yangu yenye matunda ya plamu. Lakini samadi kavu tuliyopikia hutoa moshi, na mbuga yetu haina mti hata wa dawa. Nikakiona kile kigingi nyuma ya nyumba, kikavu, kizuri. Nikaking'oa, nikakikata, nikakitia jikoni. Mikate ilipendeza. Apolena alikula minne.

"Kuni umepata wapi, wifi?"

"Kila mtu na bahati yake," nilimjibu.

Baada ya mavuno akaja mtu wa kampuni ya reli, juu ya farasi.

"Mama, huenda mmejenga kwenye ardhi ya kampuni. Nitarudi Jumatatu. Ikiwa ni yetu, mtanunua au mtahama."

Hatukuwa na cha kununulia. Nilimgeukia Matej.

"Ni dada yako! Ametuchongea!"

"Dada yangu alikuuliza habari za kigingi tangu mwanzo," Matej alisema. "Sasa nenda kamwombe msaada."

Nilikwenda kwa miguu mizito. Nilipomweleza Apolena kigingi kilikokwenda, alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe nilikula mpaka wa serikali!"

"Cheka tu. Mimi nafukuzwa."

Akaacha kucheka. Mume wake aliwahi kuwaburutia wapimaji mnyororo wa kupimia, naye Apolena akajifunza kwake. Akachora miraba chini kwa kijiti.

"Sikiliza. Reli ni ghali. Serikali haikuwa na fedha za kutosha, ila ilikuwa na ardhi, ile iliyoichukua kwa Wapawnee, wenyeji wa hapa. Basi kando ya njia ya reli iligawa vipande, kimoja hiki, kimoja kile. Vyenye namba witiri, kama kumi na moja na kumi na tatu, ni vya kampuni. Inaviuza ili ijenge reli. Vyenye namba shufwa, kama kumi na mbili na kumi na nne, vilibaki vya serikali. Kwenye hivyo vya serikali mtu anaweza kuomba shamba bure, akalipa ada tu, akakaa na kulima miaka mitano, likawa lake."

"Mimi niko namba gani?"

"Kigingi kingekuambia. Twende tukapime."

Tulifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la gari lake la farasi. Tukaanzia kigingi cha karibu na kwake, tukafuata mstari kwenda mashariki. Matej aliongoza farasi. Sisi tulitembea kando, tukihesabu kila kitambaa kilipopanda juu. Kwenye mzunguko wa mia tatu sabini na saba, yaani maili moja, upana wa kipande kizima, Apolena akasema, "Hapa." Akachimba kidogo. Chini kulikuwa na makaa.

"Si yangu hayo!" nikasema upesi.

"Wapimaji huyafukia chini ya kigingi. Hayaozi."

Nyumba yangu ilikuwa hatua arobaini upande wa kusini mashariki. Kipande cha kumi na tatu. Nililia palepale.

"Wifi, geuka," Apolena akasema. "Kaskazini ya mstari huu ni cha kumi na mbili. Na kijito kinapita huko pia."

Matej hakungoja Jumatatu. Alikwenda mjini kwenye ofisi ya ardhi ya serikali, akauliza kama kipande kile kina mtu, akaandikisha. Alirudi na cheti cha ekari themanini. Mtu wa kampuni aliporudi, tulikuwa tayari tunajenga upande wa pili wa mstari.

Siku tuliyomaliza kuezeka, Apolena alisimama mlangoni, akakitazama kijito.

"Ulisema nakitaka. Ni kweli," alisema. "Nilikitaka mpaka nikakosa raha. Ndiyo maana nilikuuliza habari za kigingi mara moja tu. Sikurudia, nikijua huenda mkafukuzwa."

Nilikasirika. Kisha nikakumbuka nilivyoitazama nyumba yake kila asubuhi.

"Na mimi dirisha lako," nikasema.

Nikawasha samadi, nikaoka mikate ya plamu. Ilinuka moshi mtupu. Alikula minne.