Mstari Mwekundu wa Chumba cha Sumaku

Benki ilijaa mpaka mlangoni. Fundi cherehani alisimama nyuma ya kijana mrefu mwenye shati la buluu, kifungo cha mkono wa shati kikining'inia kwa uzi mmoja, na macho yake hayakubanduka kwenye kile kifungo.

"Kadi imekufa tena?" karani alimuuliza kijana. "Ya tatu hii, kaka. Unazichemsha?"

"Sumaku ya kazini, dada. Nilisahau kuitoa mfukoni."

Fundi akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake. "Simama wima," akamwambia, "kabla hakijadondoka." Foleni haijasogea, kifungo kimeshakaa na namba ya simu imeshaombwa.

Hivyo ndivyo alivyompata mtafiti wake. Jioni walitembea, kijana akimweleza habari za neuropeptidi, vijipande vya protini ambavyo neva hutumia kupelekeana habari, vidogo hata darubini haivioni vilivyo. Alitaka kujua vimejikunja vipi. Huviweka ndani ya sumaku kubwa, akavipigia mawimbi ya redio, kisha akasikiliza vinavyojibu.

"Kumbe unataka kujua nguo ilivyokunjwa bila kuifunua," fundi alisema.

"Mpenzi, profesa wangu hajawahi kulisema vizuri hivyo."

Fundi alicheka, ila moyoni kulikuwa na kitu kimemkaa: yeye aliishia shule ya msingi, na huyu ana wasomi wenzake. Siku moja akajikaza. Akavaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, akampelekea chakula cha mchana maabara. Mlango ulikuwa wazi. Mguu ulikuwa karibu kuvuka mstari mwekundu wa sakafuni aliposikia sauti ya mpenzi wake, mbele ya wenzake wawili: "Simama hapo hapo. Usisogee. Toka nje."

Akatoka. Chakula alikiacha kwenye ngazi.

Siku nne hakupokea simu. Ya tano akapokea, ayamalize.

"Uliona aibu kwa ajili yangu," alisema.

"Niliona hofu. Hebu niambie, ukosini ulikuwa na nini?"

Mkono ukapanda wenyewe shingoni. Pini sita, na sindano. "Na mkobani, mkasi," akakiri.

"Ile sumaku ingekunyang'anya huo mkasi, ukaruka kama risasi. Mwaka jana ilivuta kiti kizima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimepiga simu mara thelathini na moja ili niseme, malkia wangu."

Fundi akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akavuta pumzi ambayo siku nne haikuwa ikifika chini.

Jumamosi alifika maabara na gauni jipya, halina zipu, vifungo vya mbao. Mkoba, saa na vibanio vya nywele akaviacha mlangoni. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kitu kama uzi uliojisokota.

"Ndiye huyo neuropeptidi wako?" fundi akauliza.

"Ndiye. Jana alikubali kuonekana."

Kisha mtafiti akatoa pete mfukoni. Fundi akarudi nyuma hatua mbili. "We, si chuma hicho?"

"Dhahabu. Sumaku haina habari nayo."

"Na mkono wako unatetemekea nini?"

"Hiyo sasa si sumaku."

Fundi akavuka mstari mwekundu, akanyoosha kidole. "Nivishe basi," akasema, "kabla haijadondoka."