Gunia Lenye Uzi wa Kijani

Phelista hakuwa mtu wa kuamini haraka. Jirani akimletea mboga, alijiuliza huyo anataka nini. Kuku akitaga, alitaka kujua yai ni la kuku yupi. Watu wa Tuwan, mtaa wao pale Kitale, walimtania kwamba hata kivuli chake hukitazama mara mbili. Yeye hakujali.

Msimu huo Phelista na mumewe Makokha walivuna magunia kumi ya mahindi katika shamba la kukodi nje ya mji. Waliyaanika juu ya turubai mpaka yakakauka. Kisha Phelista akashona midomo ya magunia kwa uzi wa kijani, alioufumua kutoka kwa sweta kuukuu la shule la binti yao, Nasike. Alisema gunia lake likiibwa, atalijua hata likiwa kati ya mia.

Nasike alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi huko Bungoma. Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata, na karo yake ilikuwa ndani ya magunia yale. Mahindi yasiponunuliwa, nafasi ingepewa mtu mwingine.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Jumatatu, Makokha alikodi pikapu, akayapeleka mahindi kwenye ghala la ushirika. Jioni akarudi na magunia tisa.

"Wamekataa," alisema. "Mashine imesema hii mahindi iko na maji. Kumi na saba kwa mia. Wao wanataka kumi na tatu na nusu."

Phelista alichukua punje moja akaiuma. Ilikuwa ngumu kama kokoto. Alihesabu magunia mara ya pili, halafu akauliza la kumi liko wapi. Makokha akajibu kwamba lilipasuka njiani, mahindi yakamwagika.

Phelista alimtazama sana. Mawazo mabaya yalimjia moja baada ya jingine. Je, amelinywa? Au kuna nyumba nyingine inayosonga ugali wa mahindi yake? Aliona wivu na hasira, na hakuficha.

"Mahindi ikimwagika kuku wanakula," alisema. "Lakini kuku hawali gunia. Gunia yenyewe iko wapi, Baba Nasike?"

Makokha alikaa chini, akasema ukweli.

Langoni mwa ghala kulikuwa na mfanyakazi aitwaye Mukhisa. Kazi yake ilikuwa kuchota mahindi kidogo kutoka kila gunia, kuyatia katika mkebe, na kuyapeleka dirishani yakapimwe. Alimsalimia Makokha "Mulembe" kwa lugha ya nyumbani, wakaulizana nyumbani ni wapi. Kumbe wote ni watu wa Sirisia. Hapo Mukhisa akanong'ona. Alisema anayepima ni Jelimo, mwanamke mkali asiyecheka, na kwamba huyo si mtu wetu. Bila kitu kidogo, mashine yake haisomi vizuri. Makokha aache gunia moja tu, yeye atamfikishia. Makokha aliacha gunia, na mashine ikasoma kumi na saba. Mukhisa akasikitika sana, akasema mama huyo sasa anataka la pili.

"Si afadhali nilipitia kwa mtu wetu?" Makokha alijitetea. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Phelista alimchukia Jelimo papo hapo, kabla hata ya kumwona. Kesho yake Makokha alimtangaza kuwa mla rushwa, kwa kinyozi, kwa fundi wa baiskeli, na hata kwa watu wa kanisa lao. Lakini shaka ya Phelista ilikataa kulala. Siku ya Jumatano alimwita jirani yao Nakhungu, afisa wa kilimo wa wadi.

Nakhungu aliomba chupa ya soda iliyo kavu kabisa na chumvi kavu. Alitia mahindi mpaka theluthi ya chupa, akaongeza vijiko vichache vya chumvi, akatikisa kwa dakika mbili. Kisha akaiweka mezani, wakangoja robo saa.

"Chumvi ikishika kwa chupa, mahindi iko na maji mingi," alieleza. "Isiposhika, haiwezi kufika kumi na saba. Angalieni."

Chupa ilikuwa safi. Chumvi yote ilikuwa chini.

Nakhungu alimgeukia Makokha. "Ulimsikia Jelimo akiitisha gunia?"

"Hapana. Niliambiwa."

"Nani alichota mahindi?"

"Mukhisa."

"Nani alipeleka dirishani?"

"Mukhisa." Makokha aliitazama chupa tena. "Lakini Mukhisa ni mtu wetu, bana."

Phelista aliona aibu, maana naye alikuwa ameamini maneno ya Mukhisa bila kuuliza, yeye anayeshuku hata mboga ya bure.

Nakhungu aliwaambia waanike mahindi siku moja zaidi, ili wawe na hakika. Wakirudi ghalani, wafuate mkebe wao kwa miguu mpaka dirishani. Wasome kipimo kwa macho yao, na waombe kiandikwe. Wakiona ubaya, wamwendee meneja, halafu waende kwenye tume ya kupambana na ufisadi, ambayo ina ofisi Bungoma.

"Nikisema, si nitashikwa mimi?" Makokha aliuliza.

"Sitakudanganya. Kutoa ni kosa, kama vile kuchukua. Lakini ukinyamaza utatoa kila msimu. Jisemee mwenyewe, mapema, na useme yote."

Makokha aliogopa kweli. Hata hivyo siku ya Ijumaa walipakia magunia tisa, wakaenda wote wawili.

Mukhisa aliwapokea kwa furaha. Alichota mahindi, akatia katika mkebe, akaanza kuondoka. Phelista akamfuata. Mukhisa akamwambia wakulima hungoja langoni. Phelista akasema miguu yake haijui kungoja.

Dirishani kulikuwa na tangazo kubwa lililosema kila mkulima ana haki ya kuona mahindi yake yakipimwa. Jumatatu Makokha hakufika hapo, kwa sababu mtu wetu alimwambia apumzike kivulini.

Jelimo hakucheka. Hata salamu yake ilikuwa fupi. Phelista aliomba achote mwenyewe mahindi mengine kutoka magunia yao, Jelimo akiona. Jelimo akakubali, akapima.

"Kumi na tatu," alisema. Halafu akapima yaliyokuwa katika mkebe wa Mukhisa. "Kumi na saba."

Aliumwaga mkebe mezani. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa kilicholowa maji. Jelimo alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kumwita meneja.

Kibanda cha Mukhisa pale langoni kilifunguliwa. Ndani mlikuwa na magunia saba, na moja lilishonwa kwa uzi wa kijani. Phelista alilivuta mwenyewe mpaka nje. Makokha alimweleza meneja yote, pamoja na kosa lake. Mukhisa alimwita msaliti kwa lugha ya nyumbani, na neno hilo lilimuuma Makokha.

Lakini jambo lililomuuma zaidi ni lile alilolisema Jelimo. "Sasa naelewa kwa nini watu wa mtaa wenu hawanisalimii."

Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, Makokha alisimama. "Niliwaambia Jelimo anakula rushwa," alisema. "Hakuniitisha kitu. Mimi ndio nilitoa, na mtu wetu ndio alikula." Akakaa, jasho likimtoka.

Jumatatu, karo ikiwa imepatikana kwa mahindi yaliyonunuliwa ghalani, alimsindikiza Nasike chuoni Bungoma. Alipokwisha kumwacha na sanduku lake, alikwenda kwenye ofisi ya tume, akaandikisha maelezo. Alionywa vikali, akaambiwa atahitajika kuwa shahidi katika kesi ya Mukhisa. Akakubali.

Msimu uliofuata walirudi ghalani na magunia kumi na mawili. Makokha alibeba mkebe mwenyewe. Alipofika dirishani alisema, "Chamgei," kwa lugha ya Jelimo, salamu aliyojifunza kwa siku tatu.

Jelimo aliitikia. Bado hakucheka. Aligeuza mashine ili namba zionekane vizuri.

"Msinisikilize mimi," alisema. "Angalieni wenyewe."

Phelista akaangalia. Kisha akaangalia tena.