Pipa la Petronila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Petronila aliteremka chemchemini na debe lake, akapanda tena mlima wa Rhotia akihema, kisha akawapa ndama wa baba yake magadi ya kulamba. Wiki moja ya mwaka 1964 alijiongezea kazi nyingine.

Bwana Samaki, ofisa wa serikali kutoka Arusha, alileta vifaranga ishirini vya perege kwa ajili ya bwawa jipya la shule. Bwawa lilikuwa bado halijajaa. Mwalimu Alfonsi akauliza nani atawatunza kwa siku kumi.

"Wakifa, Bwana Samaki harudi mpaka mwakani," alisema. "Bwawa mlilochimba kwa mikono yenu litabaki la vyura."

Petronila alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, maana kwao kulikuwa na pipa. Mwajabu, binti wa Mzee Saidi mwenye duka, naye alinyoosha, ingawa kwao kulikuwa na karai tu. Kila mmoja akapewa samaki kumi.

"Eti karai la kufulia," Petronila alimtania njiani. "Wako watapigana vikumbo. Wangu wataogelea mpaka wachoke."

"Mradi maji yawe safi," Mwajabu alijibu.

Asubuhi na jioni Mwajabu alichota sehemu ya maji machafu na kuongeza safi. Petronila aliona huko ni kujichosha bure. Pipa lote lile, lichafuke lini? Alikuwa amelijaza kwa safari kumi na moja za chemchemini, na hakuwa na hamu ya safari ya kumi na mbili. Alichofanya ni kuwamwagia samaki konzi mbili za pumba kila siku, na zilizobaki zikazama na kuoza.

Siku ya sita maji yalinuka. Samaki walikuwa juu juu, wakipanua midomo. Petronila alidhani wamedhoofu, na kwao mnyama aliyedhoofu hupewa nini kama si magadi? Akatia konzi nzima, akaenda shule roho kwatu. Aliporudi, wanne walikuwa wamekufa.

Alilia. Kisha akaanza kutafuta pa kuponea. Paka wa jirani alikuwa mwizi anayejulikana, nani angemtetea? Lakini sita walikuwa bado wanahema, na akimsingizia paka, hakuna mtu atakayemwambia maji yana nini. Akakimbia nyumbani kwa mwalimu.

"Mwalimu, nimeua samaki wanne, na waliobaki wanakufa. Niliwatilia magadi."

"Magadi? Kwa nini?"

"Magadi huwasaidia ndama wetu."

Mwalimu alijikaza asicheke. "Maji yameoza, na magadi yameyazidishia sumu. Wapeleke kwa Mwajabu sasa hivi. Halafu mlisugue hilo pipa."

Petronila alifika kwa Mwajabu akiinamisha uso kwa aibu. Mwajabu hakumsuta. "Walete haraka," alisema, akasogeza karai.

Kesho yake wasichana wawili walilisugua pipa, wakalisuuza, wakalijaza upya na kuwahamishia humo samaki wote. Tangu hapo walitoa madebe mawili na kutia mawili kila siku, na pumba ikawa ya kunyunyiza tu. Siku ya kumi, perege kumi na sita waliingia bwawani wakiwa hai, na darasa zima likapiga makofi.

"Petronila, chombo bora kilikuwa kipi?" Mwalimu Alfonsi aliuliza.

"Karai, Mwalimu."

"Hapana. Pipa ni bora, kama yuko mtu wa kuyaangalia maji. Chombo kikubwa huchelewesha uchafu tu, hakiuzuii. Wewe ulitaka pipa likufanyie kazi yako. Lakini ulikuja kusema kweli siku ile ile, ndiyo maana wale sita wamepona. Kuanzia leo, wewe na Mwajabu mtalitunza bwawa hili."

Petronila alifurahi mpaka akakosa pa kuweka mikono. Alilitazama bwawa, kubwa kuliko mapipa yote ya Rhotia yakiwekwa pamoja.

"Mwalimu," aliuliza, "maji yake yanaingilia wapi, na yanatokea wapi?"