Nesi wa Kwenye Fomu

Maiti ya Misheck Kaimenyi ilikuwa imelala kwenye machela, ndani ya ambulensi iliyoegeshwa nyuma ya ofisi ya kampuni yake, mtaa wa Kaaga, mjini Meru. Fuvu lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, juu ya sikio. Jino moja lilikuwa limenasa kwenye kola ya shati. Damu ilikuwa imetiririka sakafuni, ikapita chini ya mlango na kuganda kwenye kokoto.

Ilikuwa Jumapili, saa nane na nusu mchana.

Inspekta Gichovi alipanda ndani, akachuchumaa. Miaka kumi na tisa katika idara ya upelelezi ilikuwa imemwonyesha vichwa vingi vilivyopondwa. Hiki kilimsumbua.

"Mukami, hebu tazama," alimwita koplo wake. "Huyu ameuawa au ametibiwa?"

Kichwa cha marehemu kilikuwa kimefungwa bendeji, mzunguko juu ya mzunguko, ncha ikiwa imechomekwa vizuri. Usoni alikuwa na maski ya oksijeni. Mrija wake ulifika hadi kwenye mtungi uliofungwa ukutani, na mtungi ulikuwa umefunguliwa. Koplo Mukami alitazama mshale wa kipimo chake. Ulikuwa kwenye sufuri.

"Chini ya machela, Afande."

Palikuwa na spana nzito, ya kufungulia mitungi. Kichwani ilikuwa na nywele na damu. Mukami aliitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Aliyeipata maiti ni dereva wa kampuni, Mugendi, mwanamume mfupi wa miaka arobaini hivi. Alikuwa ameketi juu ya tairi, mikono katikati ya magoti.

"Ulifika saa ngapi?" Gichovi aliuliza.

"Saa nane hivi. Nilikuwa natoka kupeleka mgonjwa hospitali."

"Ukiwa na nani?"

"Na... na nesi."

"Yuko wapi?"

"Alishukia njiani."

"Anaitwa nani?"

"Sista Wambeti."

Gichovi aliandika jina hilo, akalipigia mstari.

Miaka miwili kabla ya hapo serikali ilikuwa imeacha kuendesha ambulensi zake yenyewe, ikaipa kampuni hiyo kandarasi. Mkataba ulisema kila gari liwe na dereva mbele na nesi nyuma. Kaimenyi ndiye aliyekuwa meneja. Na jina lake lilikuwa limeshafika polisi. Wiki tatu zilizopita mwanamke wa Kianjai, Kaari, alivuja damu baada ya kujifungua, akafia ndani ya gari la kampuni kabla ya kufikishwa Meru. Mumewe, Mukiri, aliapa mbele ya watu kwamba atamkata mtu.

"Tuanze na yeye," Mukami alisema.

*

Mukiri alikuwa mchinjaji. Jumatatu asubuhi walimkuta kwenye bucha yake sokoni Kianjai akipasua mguu wa ng'ombe juu ya gogo. Alipoona kitambulisho cha Gichovi hakuweka shoka chini. Alilinyanyua.

"Mmekuja kunishika?"

"Weka hiyo kitu chini," Mukami alisema, mkono kwenye bastola.

"Mke wangu amekufa kama kuku, hakuna mtu alishikwa! Leo tajiri amepigwa kidogo, mnakuja wawili!"

Shoka lilishuka kwa nguvu, likazama kwenye gogo sentimita chache kutoka kidole cha Gichovi, aliyekuwa ameshika ukingo wake. Mukami alikuwa ameshachomoa bastola. Wateja walikimbia, mmoja akiacha kiatu.

Gichovi hakusogeza mkono. "Jana mchana ulikuwa wapi?"

Mukiri alihema. "Hapa. Jumapili ndiyo siku ya nyama. Uliza soko yote."

"Kaimenyi ulimchukia."

"Yeye? Kwa nini? Yeye ndiye alituambia ukweli." Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka mfukoni mwa koti. "Aliyemwacha Kaari ni huyo nesi."

Ilikuwa barua ya kampuni, yenye mhuri na sahihi ya Kaimenyi. Ilisema nesi aliyekuwa zamu siku hiyo, Veronicah Wambeti, alizembea kazini, na kwamba kampuni ilimpa pole Mukiri.

"Barua hii ilisomwa wapi?"

"Kwa mazishi."

"Na mazishi yalipoisha, nyumba ya Wambeti ikachomwa hapa Kianjai. Baba yake akafia ndani. Ulikuwepo?"

Mukiri alianza kufuta meza kwa kitambaa. "Watu walikuwa wengi," alisema.

Mashahidi saba walithibitisha kwamba Jumapili hakuondoka buchani.

Alasiri hiyo daktari wa uchunguzi wa maiti alimwita Gichovi. Mapigo yalikuwa manne. La kwanza lilivunja taya. La mwisho liliingiza mfupa ndani ya ubongo.

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Aliishi kama nusu saa. Na aliyefunga bendeji hii amesomea, Inspekta. Wewe ungefunga, ingekuwa kilemba."

*

Afisa wa serikali aliyesimamia mkataba huo aliitwa Gladys Gitobu. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Aliwaletea mafaili ya safari bila kinyongo. Kila fomu ilikuwa na jina la dereva, jina la nesi na namba ya leseni yake. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya Gladys.

Gichovi alifunua moja baada ya nyingine. Wambeti. Wambeti. Wambeti. Kisha akaziweka mbili sambamba.

"Tarehe moja. Saa moja. Hapa Wambeti yuko Meru mjini. Hapa yuko njia ya Maua."

Gladys alivaa miwani. "Inaonekana hivyo."

"Mtu mmoja kwenye magari mawili. Na wewe umetia sahihi zote."

"Kazi yangu ni kuangalia kama fomu imejazwa, Inspekta. Imejazwa."

"Uliwahi kwenda kufungua mlango wa nyuma wa gari moja, uone kama kuna nesi?"

"Hiyo ni kazi ya kampuni."

"Na kuiangalia kampuni ni kazi ya nani?"

Gladys alikunja midomo. "Nilipewa ofisi moja, meza moja, na magari kumi na mawili ya kusimamia. Sikupewa hata pikipiki. Kampuni inajaza, mimi natia sahihi, wanalipwa. Mkubwa wangu anajua. Mkubwa wake anajua. Kama unataka kunishika, tuongozane wote."

"Mtaongozana," Gichovi alisema. Alichukua mafaili yote.

Alipompigia simu mkurugenzi wa kampuni, huko Nairobi, alijibiwa kwa upole kwamba wauguzi waliajiriwa na wakala mwingine, na kwamba maswali yote yaelekezwe kwa wakala huyo. Namba ya wakala haikupatikana.

Mugendi aliletwa kituoni. Mara hii Gichovi hakuketi. Alimwekea mezani picha ya Kaari akiwa mochari, shuka likiwa jeusi kwa damu kutoka kiunoni.

"Ulisema ulikuwa na Wambeti Jumapili. Jumapili hakuna mtu alikuona na nesi. Sasa nakuuliza habari ya huyu. Nani alikuwa nyuma naye?"

"Afande, nina watoto..."

"Nani?"

Mugendi alijishika kichwa. "Hakuna. Miezi saba sasa naendesha peke yangu. Kaimenyi alisema nijaze jina la Wambeti kwa sababu leseni yake ilikuwa bado kwa faili. Huyo mama alikuwa anagonga ukuta nyuma yangu. Tuk, tuk, tuk. Nikisimama nimsaidie, sijui nitafanya nini. Nikiendesha, labda tutafika. Nikaendesha." Alianza kulia kwa sauti. "Akaacha kugonga."

Mukami alitoka nje ya chumba. Gichovi alisubiri mpaka Mugendi akatulia.

"Wambeti aliacha kazi lini?"

"Hiyo miezi saba. Alikataa kufanya kazi na mitungi mitupu. Afande, hakujua jina lake linatumiwa. Alijua siku ya mazishi, kama watu wengine."

*

Alama za vidole kwenye mtungi zililingana na zile zilizokuwa kwenye kumbukumbu za Wambeti. Jumatano Gichovi na Mukami waliteremka hadi nyanda kavu za Embu, huko Mbeere, ambako ardhi ni nyekundu na mbuzi hula miiba. Nyumbani kwa kina Wambeti palikuwa na kaburi jipya kando ya shamba la ndengu. Mwanamke mrefu, mwembamba, alikuwa amesimama akipepeta ndengu kwenye uteo. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na makovu mabichi ya moto.

Aliwaona, akamaliza kupepeta. Kisha akaweka uteo chini.

"Nilifikiri mtakuja jana," alisema.

"Sista, unajua huna lazima ya kusema chochote," Gichovi alimwambia. "Utakachosema kitaandikwa na kutumika mahakamani."

"Andika."

Waliketi kwenye benchi ya ubao. Mukami alifungua daftari.

"Siku ya mazishi ya huyo mama mimi nilikuwa kwa kliniki, Kianjai hapo. Nilikuwa nimeshapata kazi nyingine. Baba alikuwa nyumbani. Alikuwa amepooza upande mmoja, nilimleta nimtunze. Nikasikia kelele. Nilipofika, paa lilikuwa limeshika. Nilishika mlango, ulikuwa wa mabati." Alionyesha viganja. "Wakanivuta nywele. Mmoja alinipiga na mti hapa mgongoni, mwingine akanikanyaga shingo. Wanasema, tazama, muuaji, tazama. Nilitazama. Kulikuwa na petroli. Haikuchukua muda mrefu."

Hakulia. Alizungumza kama mtu anayekabidhi wagonjwa mwisho wa zamu.

"Nilimzika hapa. Halafu Jumapili nikaenda Meru. Nilijua Kaimenyi hukaa ofisini wakati wengine wako kanisani. Sikwenda kumuua, Afande. Nilitaka barua. Barua moja tu, kama ile aliandika ya uongo. Iseme sikuwa kwenye gari. Nikaisome Kianjai, kanisani, sokoni, popote."

"Akasemaje?"

"Nilimkuta kwa hiyo gari ya nyuma, anahesabu vifaa. Akaniambia pole. Akasema akiandika hiyo barua serikali itajua gari hazina manesi, mkataba utakufa, na watu arobaini watakosa kazi. Nikamwambia, baba yangu ameungua. Akasema... Akasema, 'Lakini mzee si alikuwa mgonjwa hata hivyo?'"

Kalamu ya Mukami ilisimama.

"Spana ilikuwa kwa machela. Nilimpiga mdomo kwanza, ule uliosema. Akaanguka. Nikampiga tena, na tena. Mara ya nne nilisikia mfupa ukiingia, na nikajua ni mfupa gani. Ndipo mikono yangu ikaanza kazi. Nilimlaza kwa machela. Nikafunga bendeji. Nikamvalisha maski, nikafungua mtungi. Hakukuwa na kitu."

"Kwa nini hukuita msaada?"

"Niliita. Namba ya dharura iliyoandikwa kwa ubavu wa gari." Alimtazama Gichovi kwa mara ya kwanza. "Simu ililia ofisini, upande wa pili wa ukuta. Niliisikia mwenyewe. Ikalia, ikalia. Hakukuwa na mtu wa kushika, kwa sababu aliyekuwa zamu ofisini Jumapili nilikuwa nimemshika kichwa."

Upepo ulipeperusha makapi ya ndengu juu ya kaburi. Mukami alimsomea Wambeti maelezo yake, naye akatia sahihi polepole kwa sababu ya viganja. Gichovi alimfunga pingu kwa mbele, akazilegeza zisiguse makovu.

"Utashtakiwa kwa mauaji, Sista."

"Najua. Niliua."

*

Gladys na Mugendi walishtakiwa kwa kughushi nyaraka. Faili la mkurugenzi lilipelekwa kwa mwendesha mashtaka, na wiki hiyo hiyo kampuni ikatuma meneja mpya Kaaga, kijana wa tai ya buluu, aliyeomba arudishiwe ambulensi ikiwa imeoshwa. Gichovi alimfukuza uani kwa sauti iliyosikika hadi barabarani.

Ijumaa alirudi Kianjai. Mukiri alikuwa buchani, peke yake. Alipomwona inspekta aliweka kisu chini mwenyewe.

"Nasikia mmemshika nesi," alisema. "Asante, Afande."

"Tumemshika kwa kifo cha Kaimenyi. Si kwa cha mke wako. Hakuwa ndani ya gari hilo. Alikuwa ameacha kazi miezi saba kabla."

Mukiri alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. "Barua ilisema."

"Barua ilikuwa ya uongo."

"Basi nani alikuwa nyuma na Kaari?"

"Hakuna."

"Hata mtu wa kumshika mkono?"

"Hakuna mtu, Mukiri. Dereva alikuwa mbele, akiendesha."

Mukiri aliketi juu ya gogo la kukatia nyama. Mikono yake yenye mafuta ilining'inia. Gichovi hakumharakisha.

"Yule mzee alikuwa anapiga kelele ndani," Mukiri alisema hatimaye. "Kwa Kimbeere. Baadaye watu walisema hatukuelewa alichokuwa anasema." Alitikisa kichwa. "Kimbeere si mbali na lugha yetu, Afande. Tulielewa. Alikuwa anasema binti yake hakuwa kwa hiyo gari."

Alinyoosha mikono yote miwili.

"Petroli niliinunua mimi," alisema. "Andika."